Dawa za usingizi za muda mfupi: zinakaa mwilini kiasi gani

Dawa ya usingizi ya muda mfupi ni ile inayokulaza upesi, kisha mwili ukaiondoa sehemu kubwa kabla hakujapambazuka. Inayotajwa zaidi ni zolpidemu. Zaleploni ni fupi kuliko hiyo, zopikloni ni ndefu kidogo. Zote huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo wenyewe inayotuliza mishipa ya fahamu, na zote hutolewa famasi kwa cheti cha daktari.

Ufupi huo hupimwa kwa muda ambao dawa iliyomo kwenye damu hupungua ikabaki nusu. Kwa zolpidemu ni kama masaa mawili na nusu kwa mtu mzima mwenye afya. Ukimeza saa nne usiku, saa sita na nusu imebaki nusu, saa tisa imebaki robo, na saa kumi na moja na nusu alfajiri imebaki sehemu moja ya nane. Diazepamu, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Valium, huchukua zaidi ya siku nzima kufika nusu, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayokaa muda mrefu zaidi. Anayeimeza kila usiku anaongeza juu ya kilichobaki jana. Hata Piriton, dawa ya mzio ambayo watu huimeza kimyakimya ili walale, hukawia mwilini kuliko zolpidemu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kumeza ni: nina masaa mangapi kitandani? Kwa zolpidemu yanatakiwa saba hadi nane kamili. Dereva wa watalii anayetakiwa kuondoka Arusha saa kumi alfajiri kuelekea Serengeti, akimeza saa tano usiku, ataushika usukani akiwa na dawa damuni, hata kama anajiona yuko macho kabisa. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza kipimo cha kuanzia kwa wanawake kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, maana miili yao huiondoa zolpidemu polepole zaidi na asubuhi ilikuwa ikibaki ya kutosha kuharibu udereva. Mwaka 2019 ikaongeza onyo zito: wapo waliotembea, waliopika, hata walioendesha gari wakiwa usingizini, na wasikumbuke lolote. Likikutokea hata mara moja, acha dawa hiyo na umwambie daktari.

Mlimani ndipo ninapoogopa zaidi. Usiku wa kwenda kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, wapandaji hulala mapema kambini Barafu au Kibo, huamshwa kama saa tano usiku na kuanza kupanda karibu na saa sita. Aliyemeza saa mbili usiku anaamka baada ya masaa matatu, karibu nusu ya dawa ikiwa bado inafanya kazi, kwenye giza, baridi na mawe yanayoteleza. Huko juu hewa ni nyepesi, na usingizi wa kukatikakatika ni jambo la kawaida. Kinachohofiwa ni kwamba ulegevu na kuchanganyikiwa kwa dawa vinafanana na dalili za ugonjwa wa mwinuko, na kiongozi anaweza kushindwa kutofautisha. Mgeni akikuambia ana vidonge vya usingizi begini, mwulize ni vya dawa gani na amemeza lini.

Pombe ni mwiko, iwe mbege au bia, na vilevile tramado na dawa nyingine kali za maumivu: vikikutana vinaweza kuzima pumzi. Anayekoroma huku pumzi ikikatika, mjamzito, mwenye ini bovu na mzee anayeamka usiku kwenda chooni wamweleze daktari hali hiyo kabla hajaandika chochote. Kwa mzee, kuanguka mara moja na kuvunja nyonga kunaweza kubadili maisha yote.

Halafu kuna muda wa matumizi. Dawa hizi ni za siku chache, au wiki mbili hadi nne. Zaidi ya hapo mwili huzoea, kipimo kilekile hakilazi tena, na ukikatiza ghafla usingizi hukimbia kuliko mwanzo. Mtu hudhani ugonjwa wake umerudi na kidonge ndicho kilichokuwa kikimponya, anarudi kumeza. Hapo ndipo wengi wananasa. Aliyetumia kwa miezi apunguze kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa anayekosa usingizi angalau usiku mitatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, tiba inayopewa nafasi ya kwanza ni ya kurekebisha mazoea na fikra: kuamka saa ileile kila siku hata kama hukulala, kutoka kitandani usingizi usipokuja, kupunguza muda wa kujilaza tu bila usingizi. Huchukua wiki kadhaa, na wiki ya kwanza huwa ngumu kweli. Lakini faida yake hubaki baada ya matibabu kwisha, na kidonge kinaweza kutumika mwanzoni tu, huku mazoea mapya yakijengeka.