Ule wanga wa hindi si kotiledoni

Mchoro wa darasani: punje ya hindi imepasuliwa, mshale umeelekezwa kwenye ile sehemu kubwa ya wanga, pembeni pameandikwa "kotiledoni". Jamani! Hiyo ni endospemu, tishu ya akiba ya chakula.

Mkosaji ni haragwe. Ukililoweka na kulimenya unapata vipande viwili vinene vilivyojaa chakula, basi watu wanahitimisha kwamba kotiledoni maana yake ni ghala. Kotiledoni ni jani la kiinitete, yaani la ule mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Kwenye haragwe limegeuka ghala kwa sababu chakula cha endospemu kilihamia humo mbegu ilipokuwa ikikomaa. Kwenye hindi endospemu imebaki, nayo ni zaidi ya robo tatu ya uzito mkavu wa punje. Wala si sehemu ya kiinitete: imetokana na mbegu ya kiume ya pili kuungana na viini viwili vya mfuko wa kiinitete, ndiyo maana ina seti tatu za kromosomu. Ni ndugu ya kiinitete, tena ndugu anayeliwa.

Kotiledoni yenyewe ni ile sehemu yenye umbo la ngao, iliyobanana na endospemu. Mafuta inayo, lakini kazi yake kubwa ni kutoa vimeng'enya na kufyonza sukari. Haitoki udongoni; kinachotoboa udongo ni koleoptili, ile ala inayofunika chipukizi.

Hakikisha mwenyewe. Loweka punje saa 24, la sivyo itavunjika vipande. Kata kwa wembe toka kichwani hadi kwenye ncha, ukipita katikati ya lile doa jeupe lililo kwenye uso bapa. Ukikata kwa kufuata ubapa unakikosa kiinitete. Dondoshea iodini. Endospemu itakuwa bluu-nyeusi, kiinitete kitabaki manjano. Kila kitu kikiwa kahawia nzito, iodini yako ni kali: izimue hadi ifanane na chai nyepesi.

Na anayedhani endospemu ni ya monokotiledoni tu (mimea yenye kotiledoni moja, kama hindi), apasue nyonyo kwa kufuata ubapa wake (asiionje, ina sumu ya risini). Ni dikotiledoni, yaani ina kotiledoni mbili kama haragwe, lakini ndani imejaa endospemu nyeupe, na katikati kuna kotiledoni hizo, nyembamba kama karatasi, zenye mishipa kabisa. Majani!

Vitabu vinavyochora koleoptili kwa uhakika vinaficha ugomvi: wapo wanabotania wanaoihesabu kuwa sehemu ya kotiledoni, na wapo wanaosema ni jani la kwanza. Mimi naegemea upande wa kotiledoni, ila nisingemnyima mwanafunzi alama kwa hilo. Kwa endospemu, ningemnyima.