Soketi iliyo nyuma ya kabati haijafa

"Fundi, hiyo iache tu. Inafunikwa na kabati, hatutaitumia."

Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu. Mara ya mwisho alisema mwenye nyumba, na fundi kabati aliyekuwa pembeni na drili mkononi akaitikia kwa kichwa, kama vile wamekubaliana jambo la busara. Nimechoka. Naandika ili safari nyingine nimtumie mtu maandishi haya badala ya kubishana naye mbele ya mbao zilizokwisha kukatwa.

Soketi isiyochomekwa kitu haijapumzika. Soketi za nyumba haziletewi umeme kila moja na waya wake. Waya unatoka kwenye breka, unaingia soketi ya kwanza, unatoka hapo kwenda ya pili, ya pili inaipa ya tatu. Kila soketi ni kituo, na daladala haipiti hewani kwa sababu tu wewe hushuki hapo. (Naam, ziko daladala zinazoruka vituo. Umeme hauruki.) Kile kiswichi cha kwenye soketi nacho kinakata matundu ya kuchomekea peke yake. Nyuma yake waya zinaendelea kuwa hai, zikibeba mzigo wa wenzake wote wa mbele.

Jikoni kwa mama mmoja Tabata, soketi tatu za kaunta zilikata kwa pamoja. Kwenye simu aliniambia kuna harufu kama plastiki inaungua, "lakini inakuja na kuondoka." Nilipomhoji vizuri ikawa inakuja akichemsha maji. Nimefika, breka iko juu, haijaanguka hata mara moja. Nikafungua soketi ya mwisho iliyo hai: waya safi. Nikafungua ya kwanza iliyokata: umeme haufiki. Kati ya hizo mbili limesimama kabati la vyombo, kutoka sakafuni hadi dari, na fundi wake hakuacha hata tundu la kupitisha kidole.

Tulitoa sahani zote, nikakata ubao wa nyuma. Soketi ilikuwa nyeupe zamani. Niliikuta rangi ya chai ya maziwa, na upande wa waya wa moto imeyeyuka ikawa nyeusi. Skrubu ya kubana waya niliizungusha kwa vidole. Ubao uliokuwa mbele yake ulikuwa na duara jeusi kama kitako cha sufuria ya mkaa. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hatukuwa tunaitumia?" Alikuwa anaitumia kila asubuhi, kila alipowasha birika.

Hesabu yake ni fupi. Birika la wati 2,200 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9.6. Skrubu ikilegea, chukua mfano wa ukinzani (kule umeme kuzuiwa usipite kwa urahisi) wa nusu omu tu pale kwenye kiungo: 9.6 mara 9.6 mara 0.5 unapata wati 46. Unazikumbuka balbu za zamani za wati 40? Uliwahi kuishika ikiwa imewaka nusu saa? Sasa chukua joto hilo, lifungie ndani ya boksi la ukutani, kisha lizibe kwa ubao wa MDF.

Hapo ndipo mtu ananijibu, "Breka si ipo?" Breka ya ampea 32 inahesabu ampea, na 9.6 ni halali kabisa kwake. Kile kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme ukivuja kinachunguza unaopotelea njia nyingine, na hapa haupotei popote. Vyote viwili vizima, vyote viwili havioni kitu. Soketi iliyo wazi ungeiona ikibadilika rangi, au ungeigusa ukashtuka kuwa ina moto. Ya nyuma ya kabati inamsubiri mwenye pua.

Na kuna la pili, ambalo mafundi kabati hawapendi nilitaje. Ukutani waya uliopitishwa vizuri unakwenda wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi. Kwa hiyo soketi inayoonekana ndiyo alama: usitoboe juu yake wala pembeni yake kwa mstari huo. Ukiifunika, umefuta alama. Miaka mitatu baadaye anakuja mtu mwingine kuning'iniza kabati la juu, anapiga drili katikati ya paipu la waya, anarushwa kwenye ngazi.

Basi ifanywe nini? Ama soketi itolewe pale na waya uhamishwe, pasibaki kiungo chochote nyuma ya ubao, ama ubao wa nyuma ukatwe dirisha na soketi ifikike ukifungua mlango wa kabati. Kuweka bamba tupu la kuzibia halafu kabati juu yake si jibu, maana kiungo bado kipo. Na mimi nina ushauri wangu ambao wateja hunichekea: kabla ya plasta, mwite fundi kabati na fundi umeme siku moja, wachore makabati ukutani kwa chaki, kwa vipimo halisi. Kisha weka futi kwenye ukuta, piga picha za mifereji yote. Zinachukua dakika kumi. Nimeshaokoa vigae vya watu wengi kwa picha za namna hiyo.

Mengine niyapitie haraka.

"Ekstensheni ndani ya droo inatosha." Ekstensheni ya matundu manne haikupi ampea 13 mara nne. Fyuzi ya plagi yake ni moja, ya ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa vitu vyote pamoja. Birika na maikrowevu vikiwaka kwa pamoja umeshazimaliza, tena ndani ya droo isiyo na hewa yenye vitambaa vya meza.

"Juu ya kaunta popote ni sawa." Si sawa nyuma ya jiko, ambako waya wa blenda utalala juu ya moto. Si sawa kando ya sinki pia. Kwa kawaida ya Kiingereza tuliyoirithi pamoja na plagi zake, soketi ikae angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki, ukipima kwa mlalo. Kwenda juu, mimi naacha sentimita 15 kutoka kaunta hadi chini ya soketi, ili plagi na waya wake vikae bila kupindwa.

"Marekani soketi inakaa kila futi 12, na wewe niwekee hivyo." Hii inatoka kwa ndugu walio ng'ambo wanaojenga huku kwa WhatsApp. Kanuni ipo kweli: kule hakuna sehemu ya ukuta inayotakiwa kuwa zaidi ya futi 6 kutoka soketi. Lakini isomeni yote. Ukuta uliochukuliwa na kabati lisilohamishika, lisilo na kaunta, hauhesabiwi katika kipimo hicho. Soketi iliyo ndani ya kabati nayo haihesabiwi kuwa imetimiza sharti. Yule ndugu wa Texas aliyenilazimisha niweke soketi nyuma ya kabati la nguo ili "vipimo vitimie" angeshangaa kwamba hata fundi wa kwao asingeiweka.

"Soketi ndani ya kabati ni mwiko kabisa." Huku ni kuruka upande wa pili. Oveni, friji na mashine ya kufulia vilivyojengewa ndani vinahitaji plagi mahali, na kuiweka kwenye kabati la jirani ni sahihi kuliko kuiweka nyuma ya mashine yenyewe, ambako ili uichomoe lazima uing'oe kilo 70. Mkono ufike, na juu ya kaunta pawe na swichi ya kuizima. Kwangu friji inazimwa hivyo, na plagi yake iko kwenye kabati la sufuria, nyuma ya sinia kubwa la pilau. Mke wangu analalamikia sinia.