Kitabu Hakina Karatasi, Foleni ya Nini?

Mzee mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alikuja mezani kwangu na simu mkononi, uso umekunjamana. Alikuwa anataka kitabu cha sauti, na programu ya maktaba ilikuwa imemwandikia kwamba yeye ni mtu wa 14 kwenye foleni. "Mwanangu," akaniambia, "nikikuta rafu ni tupu naelewa, kitabu kimechukuliwa na mwenzangu. Lakini hiki hakina karatasi. Foleni ya nini?"

Swali hilo hutufikia karibu kila siku, na wengi wanaouliza huwa wameshaamua kwamba ama mtambo umeharibika ama wakutubi tumezembea. Foleni ile ni ya kweli. Ukijua inakotoka, utajua pia namna ya kuikwepa, na namna ya kutoirefusha kwa wenzako.

Kitabu cha karatasi maktaba ikishakinunua ni mali yake. Itakiazimisha mpaka jalada ling'oke, itakigundisha, itakiazimisha tena, wala haimwombi mchapishaji ruhusa. Kitabu cha kielektroniki hakiuzwi hivyo. Maktaba hulipia leseni, yaani ruhusa ya kuazimisha kwa masharti yaliyomo kwenye mkataba. Sharti lililozoeleka ni nakala moja kwa msomaji mmoja: tukiwa na leseni tatu, wasomaji watatu wanasoma na wa nne anangoja. Faili lenyewe lingeweza kunakiliwa mara elfu kabla hujamaliza chai yako. Kinachozuia ni mkataba.

Tena leseni nyingi zina siku yake ya kufa. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins ilitangaza kwamba leseni yake ingekwisha baada ya kitabu kuazimwa mara 26. Piga hesabu: mara 26, kila mara wiki mbili, ni mwaka mmoja. Wachapishaji wengine hawahesabu watu, wanahesabu muda; Penguin Random House iliachana na leseni za kudumu mwaka 2018 ikaingia kwenye za miaka miwili. Macmillan ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Novemba 2019, mfumo mzima wa maktaba, uwe na wasomaji elfu moja au milioni moja, uliruhusiwa nakala moja tu ya kitabu kipya cha kielektroniki kwa wiki nane za mwanzo. Baadhi ya maktaba ziligoma kununua, na Machi 2020 sharti hilo likaondolewa.

Kwa hiyo kitabu ulichokiona mwaka jana na leo hukioni hakijaibiwa. Leseni imekwisha, na mahali fulani mkutubi amekaa na bajeti yake anapima kama ailipie upya. Mimi sina ugomvi na mwandishi kulipwa tena pale kitabu chake kinapopendwa. Kinachoniuma ni kile kitabu cha pembeni, cha mada isiyo na wengi, kilichoazimwa mara tatu tu na bado kinaondolewa kwa sababu tarehe imefika. Cha karatasi kingekaa rafuni miaka 20 kikimsubiri mtu wake.

Upo mpango mwingine usio na foleni kabisa. Huduma kama hoopla humpa kila msomaji kitabu papo hapo, hata wakiwa mia kwa wakati mmoja, kwa kuwa maktaba hulipa kila mara kinapoazimwa. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini huduma hiyo hukuwekea kikomo cha mwezi: kila ukibonyeza, bili inasoma. Kama maktaba yako ina huduma za aina zote mbili, anza kutafuta kule kusiko na foleni, kisha uhifadhi nafasi zako kwa vitabu unavyovitaka kweli.

Kuanza si kazi. Unahitaji kadi ya maktaba ambayo haijaisha muda, namba ya siri, na programu inayotumiwa na maktaba yako. Programu iliyoenea ni Libby, ya kampuni ya OverDrive, iliyotoka mwaka 2017. Ukiambiwa namba si sahihi, usijaribu mara kumi. Mara nyingi ni kadi iliyokwisha muda, na mkutubi huirudisha kazini kwa dakika chache.

Sasa foleni yenyewe. Usiogope kujiandikisha kwa vitabu kadhaa kwa pamoja. Ndiyo, vinaweza kufika vyote kwa mkupuo kama mvua ya masika, lakini Libby hukupa siku tatu za kuamua, na ukiona huna nafasi unaweza kuomba uletewe baadaye. Kitabu kitamwendea anayefuata, na wewe hurudishwi mkiani. Wasomaji wengi hawajui hili. Wanaazima kwa kuogopa kupoteza zamu, kitabu kinakaa wiki tatu bila kufunguliwa, kisha wanajiandikisha upya.

Na hapa ndipo ninapowaomba watu karibu kwa kupiga magoti. Siku ya mwisho ikifika kitabu hujirudisha chenyewe, faini hakuna, na kwa sababu hiyo tumezoea kukiacha tu. Lakini uliyekimaliza kwa siku tatu katika muda wa siku 21 umefunga leseni kwa siku 18 za bure. Fungua orodha ya ulivyoazima, bonyeza kurudisha, na simu ya mtu mwingine italia muda si mrefu. Watu wengi wakifanya hivyo, foleni ya miezi inaweza kushuka kuwa ya wiki, bila maktaba kuongeza hata senti.

Wanaosoma kwenye kompyuta wana kisa chao. Mtu huja na kompyuta mpakato akilalamika kwamba amepakua kitabu na hakifunguki. Nikitazama, kilichopakuliwa ni kifaili kidogo mno, jina lake linaishia na .acsm. Hicho si kitabu. Ni sawa na tiketi ya kuchukulia mzigo. Kifungue kwa programu ya Adobe Digital Editions, ukiwa umejisajili, ndipo kitabu halisi kishuke. Ukipewa chaguo kati ya EPUB na PDF, chukua EPUB: maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo, ilhali PDF kwenye simu itakufanya usukume ukurasa kushoto na kulia mpaka uchoke. Wenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, wajue kwamba njia ya kupelekewa humo vitabu vya OverDrive ilifunguliwa mwaka 2011 kwa maktaba za Marekani pekee.

Kuhusu bando: kitabu cha kusoma huwa chepesi, riwaya nyingi ni megabaiti chache tu. Sauti ndiyo nzito. Kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja hula karibu megabaiti 29, hivyo kitabu cha saa kumi kinakaribia 290. Kipakue chote ukiwa kwenye waifai ya maktaba, kisha usikilize njiani bila intaneti.

Vipo pia visivyohitaji kadi wala zamu. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, huweka wazi vitabu ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha, na LibriVox, tangu mwaka 2005, hukusanya vya namna hiyo vikisomwa kwa sauti na watu wa kujitolea. Vipya hutavikuta humo.

Yule mzee tulimalizana naye vizuri. Toleo la sauti na toleo la kusoma la kitabu kimoja huwa na leseni mbalimbali na foleni mbalimbali, na la kusoma lilikuwa na nakala huru. Nikamwonyesha mahali pa kukuzia herufi. Akazikuza mpaka mstari mzima ukabakiwa na maneno manne, akausoma, akageuza ukurasa. Kisha akaniuliza kama jina lake kule kwenye sauti linaweza kubaki.

"Linabaki," nikamwambia. Alikuwa ameshashuka mpaka wa 13.