Boti ya bei chee isiyo na draivu: angalia kwanza kilichobaki tezini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, pesa za korosho zikishaingia hakosi mtu wa kuja kutuuliza hapa chuoni Mikindani, kaona boti ya faiba ya mtumba, bodi safi, injini imo ndani, bei ya kutupa, shida moja tu, kule nyuma draivu haipo, sa anunue au aache? Mimi nasema nunua kama bodi umeipenda, ila ilipie bodi peke yake. Hiyo injini ya ndani usiiwekee bei mpaka uhakikishe haya ninayoeleza.

Boti za aina hii injini inakaa ndani, tezini kabisa (nyuma mwisho wa boti), ni kama ya gari tu, alafu nguvu inatokea kwenye tundu la ukuta wa tezi inaingia kwenye draivu yenye gia na propela. Volvo Penta ndio walioingiza mtindo huu sokoni mwaka 1959, MerCruiser wakafuata muda mfupi baadae. Draivu ndo inasukuma, ndo inakata kona, ndo inarudisha nyuma, na kwa draivu ya MerCruiser aina ya Alpha hata pampu ya maji ya kupoza injini imo humohumo. Kwaiyo muuzaji akisema ngoja niwashe usikie mlio, mzuie kwanza mpaka avute maji ya bomba kwenye hozi ya injini, maana ikiwaka kavu dakika chache tu inachemsha na hedi inapinda. Na msije mkaishusha majini ikiwa hivyo eti mnaangalia kama inavuja! Lile tundu liko chini ya usawa wa maji, bahari inaingia moja kwa moja ngamani, kule chini ndani ya boti.

Ukitaka kutafuta draivu nyingine usitafute kwa macho, tafuta kwa namba. Soma namba ya injini na namba ya kile kipande cha alumini kilichobaki ukutani, alafu ulizia uwiano wa gia, yaani injini inazunguka mara ngapi propela ikizunguka mara moja. Alpha mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje lakini ya injini ndogo ya silinda 4 ina gia kama 1.94 au 2.00, ya V8 kubwa (silinda 8) ina 1.47 au 1.50, ukifunga ya V8 kwenye silinda 4 injini itahema tu na boti haitanyanyuka. Kabla ya kufunga ingiza kidole kwenye beringi iliyobaki tunduni uizungushe, ukisikia chengachenga badilisha. Ule mpira wenye mikunjo unaozuia maji pale tunduni ukunjue kwenye mwanga, ufa mdogo tu kwenye mkunjo mmoja unatosha kukuzamishia boti usiku imetia nanga. Fundi apitishe na chuma cha kupimia kama injini na tundu viko mstari mmoja, kiingie kwa mkono bila kugongwa, kikigoma basi injini imekaa upande na itakula meno ya shafti. Oili ya gia inajazwa kuanzia tundu la chini mpaka itokeze juu, ukijazia juu unafungia hewa ndani.

Lakini nisiwafiche, kwa mvuvi wa huku mimi nashauri mashine ya nje, ile inayofungwa juu ya ukuta wa tezi. Spea za Yamaha zinapatikana na mafundi wapo, draivu ya mtumba utaagiza mbali na hujui ilikaa kwenye chumvi miaka mingapi. Alafu bahari yetu inapwa sana, boti zinakaa mchangani, mashine ya nje unaikunja inatoka majini yote, draivu hata ukiinyanyua sehemu yake inabaki kwenye maji ya chumvi na ni alumini ile, inalika.

Ukiamua kufunga mashine ya nje, kazi kubwa ni ukuta wa tezi. Ndani ya faiba mara nyingi kuna mbao, na pale penye tundu maji hupenya yakaozesha. Gonga na mpini wa nyundo kila sehemu, penye afya panalia kavu, penye kuoza panatoa mlio mzito uliokufa. Ukiwa na shaka omba ruhusa utoboe kwa ndani tundu dogo la dirili, vumbi likitoka jeusi na bichi, jua mbao zote zinatolewa. Tundu la draivu linazibwa kwa plaiwudi ya baharini na matabaka ya faiba ndani na nje, kingo zisagwe upana mkubwa ili faiba ishike. Bati na silikoni hapana jamani, mashine ya kilo 70 na kitu inavuta ukuta ule kila wimbi, na kipindi cha kusi mnajua wenyewe wimbi la nje ya Msangamkuu.

Pima pia urefu toka juu ya ukuta mpaka chini ya boti, inchi 15 ni shafti fupi, 20 ni ndefu, usinunue mashine kabla ya kupima. Ukitoa injini ya ndani na draivu yake unapunguza zaidi ya kilo 250, boti itakaa tofauti majini, kwaiyo tangi na betri zipangwe upya, na kama ilikuwa na farasi 130 usitegemee mwendo ule kwa mashine ya 40. Ikishakamilika, kabla hujapakia mtu wala nyavu, peleka taarifa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, waikague upya, maana karatasi za mwenye boti wa zamani zinaonyesha injini ambayo haipo tena.