Majaribio yamepita yote, abiria kaachwa na basi

Miongoni mwa vijana wanaotengeneza programu hapa Tanga, dhana iliyoota mizizi zaidi ni hii: majaribio yote yakipita, yaani vijiprogramu vinavyopima kama programu inafanya inavyotakiwa, programu haina kosa. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta wa Uholanzi, aliikataa tangu 1969. Majaribio, alisema, huonyesha kuwa makosa yapo. Kwamba hayapo, hayawezi kuonyesha.

Chukua mfumo wa tiketi. Karani anakwambia basi la Dar es Salaam linatoka saa 12 alfajiri. Kijana anaandika 12:00, kisha anaandika jaribio la kuuliza kama tiketi inatoka na 12:00. Linapita! Abiria anafuata tiketi yake, anafika stendi ya Kange jua la utosi, na basi liliondoka alfajiri. Aliyeelewa vibaya ndiye aliyejipima, hivyo jaribio likarudia kosa lake. Hata ukijisifu kwamba asilimia 100 ya msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, imepitiwa na majaribio, hesabu hiyo inasema tu kila mstari uliendeshwa. Kama ulichouliza kilikuwa sahihi, haisemi.

Wengine husema msimbo uliokwisha kufanya kazi hauna haja ya kupimwa tena. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kabla ya kutimiza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta shida. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba moja ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa kwenye kompyuta, na mfumo wa kuongoza safari ukazima. Sehemu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya.

Kwamba majaribio yanachelewesha kazi? Kwa programu ya kutumia leo na kutupa kesho, ni kweli, wala sitabishana. Lakini LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ikitangaza nauli mpya, mwenye majaribio hubadili hesabu mchana na kulala usiku, maana majaribio yatamwambia kama ameharibu kilichokuwa kikifanya kazi. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa, kuliko hata kunasa makosa.

Kuna pia wanaoandika jaribio kabla ya msimbo, mtindo uliovumishwa na Kent Beck, mtengenezaji programu wa Marekani. Wengi huudhani ushabiki tu. Ila anayeanza hivyo hulazimika kuamua mapema programu ifanye nini, na hapo ndipo maswali ya kumpelekea karani yanapozuka: saa 12 ipi, ya alfajiri au ya jioni? Na anayekata tiketi saa 5 usiku, aandikiwe tarehe gani?