Huruma Yetu Humwendea Nani?

Katika mafunzo tunayotoa kuna kauli isiyokosa: "Mimi siwezi kuwachukia wanawake. Nina mama, nina dada, nina binti." Mara nyingi msemaji anasema kweli. Kinachompotosha ni kudhani kwamba chuki dhidi ya wanawake ni hisia tu iliyomo kifuani mwa mtu mkorofi. Kwa sehemu kubwa ni adhabu. Humshukia mwanamke anapovuka mpaka aliochorewa: anagombea uongozi, anamkataa mtu, anampita mumewe kipato. Anayetulia ndani ya mpaka huo husifiwa, hata kupewa zawadi. Ndiyo maana mtu anaweza kumheshimu mama yake asubuhi, na jioni akamtukana mtandaoni mbunge asiyemjua, tena kwa umbo lake wala si kwa hoja yake.

Adhabu hiyo huanza na kejeli na inaweza kuishia kaburini. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenzi au jamaa zao, wastani wa 140 kila siku. Sheria nazo zimejivuta: England na Wales, ilibidi kusubiri hadi 1991 mahakama ya juu ifute kanuni kongwe kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe.

Wengi husema dawa ni kuongeza huruma. Nina shaka. Huruma tunayo tele, ila angalia inakokwenda. Mwanamume mwenye jina akituhumiwa kumdhuru mwanamke, watu huuliza: kazi yake itakuwaje? Watoto wake je? Kwa mwanamke huulizwa: alifuata nini kule, alivaa nini, mbona hakupiga kelele? Mmoja anahurumiwa kwa kesho yake, mwingine anahojiwa kwa jana yake. (Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, hilo sibishani nalo.)

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye nguvu halazimiki kukilalia. Anayemtegemea mwenzake kwa kodi na chakula hujifunza kumsoma. Hujua hasira imeingia nyumbani kwa jinsi mlango ulivyofungwa. Sasa muulize aliyeufunga mlango huo: mwenzako anaogopa nini? Wengi hukwama hapo, na si kwa ubaya wa moyo: hawajawahi kuhitaji kujua. Kwa hiyo mahubiri peke yake hayafiki mbali iwapo jina lililo kwenye hati ya nyumba na akaunti ya benki ni lilelile moja.

Mwanamke akikujia na malalamiko, muulize kama yuko salama sasa hivi, kisha angependa nini kifanyike. Halafu nyamaza umsikilize, hata kama anayelalamikiwa ni rafiki yako.