Picha ya Hadubini Si Cheti cha Vipimo

Tangu kamera za hadubini zishuke bei, dawati la mapokezi la maabara yetu ya kukagua vipimo hapa Nairobi linaletewa picha badala ya vifaa. Mtu anatoa simu, anaonyesha mstari mwekundu ulioandikwa "maikromita 60" (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha anaomba muhuri. Muhuri wa nini? Programu imehesabu pikseli tu. Ukubwa wa pikseli moja ameujaza yeye mwenyewe.

Fundi mmoja wa karakana alituletea pua ya kunyunyizia dizeli. Kamera yake ilikuwa na pikseli za maikromita 3.45 na lenzi ilikuwa ya mara 40, akagawanya akapata maikromita 0.086 kwa kila pikseli. Hesabu safi kabisa. Lakini baina ya lenzi na kamera palikuwa na adapta ya 0.5, ambayo hupunguza picha kwa nusu. Tulipoweka chini ya lenzi rula ya kioo, ile ya milimita 1 iliyogawanywa mara 100, pikseli ikatoka 0.172. Tundu la 60 lilikuwa la 120. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama trei ya pua iliyobaki karakana nayo ihesabiwe upya. Ndiyo, yote.

Wapo pia wanaokosea kwa upande mwingine. Wamesoma kwamba mwanga hauwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi, yaani maikromita 0.2, jambo alilolieleza mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873, basi wanaamua kwamba chini ya hapo hakuna kipimo. Kutenganisha vitu viwili na kujua kitu kimoja kiko wapi ni mambo mawili tofauti, nasi tumechoka kulirudia hili. Simama ghorofani saa ya chakula cha mchana utazame bustani ya Jeevanjee. Uso wa mhubiri huuoni, lakini ukitafuta kitovu cha duara la watu waliomzunguka, utajua amesimama wapi. Nukta inayong'aa kwenye picha hutawanyika juu ya pikseli nyingi. Programu hupima mwangaza wa kila moja na kukokotoa kitovu, na kitovu hicho hupatikana kwa sehemu ndogo ya pikseli. Ndivyo vipande viwili vinavyopangwa vilingane: kila kimoja huwekewa alama kadhaa, alama zinafuatiliwa picha baada ya picha, na tofauti za vitovu huonyesha vipande vimeachana kiasi gani na vimezunguka kiasi gani.

Uhodari huo una masharti. Lenzi hupinda picha, kwa hiyo kipimo cha katikati si cha pembeni. Watafiti wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, walionyesha mwaka 2018 kwamba safu ya vitundu vidogo vilivyopangwa kwa umbali unaojulikana inaweza kusahihisha uwanja mzima wa picha. Na kuna joto. Vipimo vya urefu hurejelea nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma kisichoshika kutu chenye urefu wa milimita 100 huongezeka zaidi ya maikromita 1 kwa kila nyuzi moja, yaani pikseli kadhaa. Asubuhi ya Julai na alasiri ya Februari hazikupi jibu moja, hata ukiapa.

Sasa utaratibu. Cheti cha kalibresheni, yaani cha kulinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana, huhusu lenzi, adapta na kamera zilizoandikwa ndani yake, zikiwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, cheti hakikuhusu tena, hata kama tarehe haijapita. Stika yetu kwenye kifaa ikibanduliwa, usiirudishe kwa gundi, tuarifu. Kwa maabara zenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za vipimo, kasoro ya namna hii ikigunduliwa kazi husimamishwa, matokeo ya nyuma hupitiwa, na wateja walioathirika hujulishwa. Mkikaidi, ithibati inaweza kusitishwa. Tafadhali pia msituletee barua ya mkaguzi wa mizani ya sokoni. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inahusu biashara, na hadubini ya utafiti haiuzi sukari.

Kifaa kifike siku moja kabla, kilale kwenye chumba chetu kipate joto la chumba. Na adapta ije nacho. Wengi huiacha kwenye droo ya ofisini.